Korongo Aliyeruka na Nyama ya Harusi

Nianze na ujinga wenyewe, maana watu wa Waberi, mtaa wetu hapa Garissa, wakiisimulia habari hii huuweka mwisho, kama peremende. Nilimtega ndege kwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi huo niliuokota mimi mwenyewe, nikiwa mwanachama wa klabu ya kujitolea ambayo kazi yake moja tu duniani ni kuokota uzi wa kuvulia samaki ili usinase ndege. Na ncha ya pili ya uzi huo niliifunga kwenye kamba ambayo mama alikuwa ameanikia nyama ya harusi ya watu. Basi, umeshajua. Ukitaka kwenda zako, nenda. Ukibaki, utanisikia nikijitetea.

Kwanza huko kujitolea. Mwalimu wetu wa Bayolojia aliingia darasani akauliza nani yuko tayari kusafisha ukingo wa mto Tana kila Jumamosi. Nikaushika mkono wa mwenzangu wa dawati, nikauinua. Mwalimu akatutazama, akaandika majina mawili. Ndivyo nilivyojitolea.

Mwenzangu huyu ni mtoto wa mvuvi. Amezaliwa mtoni, baba yake huvua hapo chini ya daraja, na yeye anajua mambo ya uzi na ndoana kama mimi ninavyojua mambo ya ngamia, yaani kwa kusikia mengi na kufanya machache. Yeye huniita Ngamia, mimi humwita Kambare. Nyumbani kwetu samaki hatuli. Mama husema hawezi kutafuna kitu kinachomkodolea macho bila kope.

Mtu ambaye hajawahi kuokota uzi wa nailoni hajui maana ya kuchokozwa na kitu kisicho na roho. Unauona, unainama, haupo. Unasimama, unang'aa tena. Unauvuta, unakuja hatua mbili kama umekubali, kisha unagundua umezunguka kichaka kizima cha mathenge, mwiba kwa mwiba, na mathenge haina utani na mtu. Na mwingine mto ulifurika nao ukauacha juu ya matawi, mahali ambapo hata tumbili hana shughuli. Tulipewa glavu jozi moja kwa watu wawili. Mimi nilikuwa mkono wa kushoto.

Wavuvi nao walitupokea kama tulivyostahili.

"Nyinyi samaki hamli," mmoja alituambia, "uzi wetu unawawashia nini?"

Mwalimu akamweleza kwa upole. Uzi ukitupwa hauozi. Ndege anaukanyaga, unamzunguka mguu, kila akihangaika unakaza, mwisho mguu unakufa na ndege anakufa nao. Mvuvi alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, "Mwalimu, uzi ukinasa kwenye gogo huko chini, nikate au nizame nikamwombe mamba anifungulie?"

Mimi nikacheka, nikaongezewa kipande cha ukingo.

Jumamosi iliyofuata, palepale tulipoacha pasafi kama mkeka wa msikitini, palikuwa na uzi mpya. Iliyofuata vilevile. Nilimwambia Kambare kwamba tungekuwa tunachota mto wenyewe kwa kijiko, angalau tungekuwa tunakunywa.

Na ndege wenyewe tunaowaokoa? Nilidhani ni wale wazuri wa kwenye kalenda. La. Ni korongo wa mjini kwetu, yule mkubwa mwenye kipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, anayeshinda machinjioni na jalalani, na anayejinyea miguuni makusudi ili apoe na jua. Sisemi uongo, mwalimu mwenyewe alitufundisha hilo, tena kwa furaha.

Mmoja wao alikuwa wa kwetu. Yaani hakuwa wa kwetu, lakini hakuwa na habari. Kila mama akishika kisu cha nyama, yeye hushuka kutoka kwenye mwarobaini ulio karibu na mahali pa kuchotea maji, akaingia uani, akasimama kama chifu mstaafu anayesubiri kuambiwa karibu. Mama alimpa cheo cha mgeni. "Mgeni wako amefika," huniambia, "mtoe." Ninamtoa kwa ufagio. Kesho yake amerudi.

Siku moja alirudi akisimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa na uzi, umezungushwa mara nyingi juu ya vidole, umeanza kuzama kwenye ngozi. Wiki hiyo mguu ukavimba. Wiki ya pili ukawa mnene zaidi, na mwenye mguu akawa mwembamba, kwa sababu machinjioni wenzake walikuwa wanamsukuma pembeni na kwetu uani ndiko peke yake alikoweza kupata kitu.

Nilimwambia mwalimu. Akasema amepiga simu kwa wanaohusika, watakuja. Nikauliza tena, akasema wako njiani. Mara ya tatu nikamuuliza kama wanapitia Takaba, kule mbali mpakani, nikatolewa darasani.

Simpendi yule ndege. Nataka ieleweke. Lakini kumfukuza kwa ufagio mnyama anayerukaruka kwa mguu mmoja ni kama kumfukuza mgonjwa kwenye foleni ya dispensari. Unafanya, halafu chakula hakikai vizuri. Nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba uzi ule usipotoka, mguu utakatika, na korongo wa mguu mmoja hana siku nyingi. Na mimi ndiye niliyekuwa naenda mtoni kila Jumamosi kukusanya uzi ambao haujamfunga mtu, huku huu uliomfunga uko nyumbani kwetu unaomba makombo.

Sasa tufike Jumamosi yenyewe.

Klabu yetu ina sheria. Uzi wote uliookotwa lazima ukatwe vipande vifupi kama kidole kabla ya kutupwa, ili usiweze kunasa chochote tena. Siku hiyo nilikuwa na bunda zima, refu, zito, na mkasi wa shule ulikuwa butu kiasi cha kushindwa na siagi. Nikalitia bunda kwenye mkoba nikamwambia mwalimu nitalikata nyumbani. Darasa langu lote linajua maana ya mimi kufanya kitu nyumbani. Mwalimu alikuwa mgeni kidogo.

Kambare alinifuata kwetu, kama kila Jumamosi, kwa ajili ya chai. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda dukani kununua samli na iliki. Uani kulikuwa na kamba ndefu kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi kwenye msumari ukutani, na juu yake nyama ya ngamia iliyokatwa mistari mirefu, siku ya pili juani.

Hapo lazima nieleze, maana nyama ile haikuwa nyama tu. Ilikuwa ya nyirinyiri ya harusi. Ikikauka hukatwa vipande vidogo kama punje, ikakaangwa kwa samli, na kwenye harusi hutiwa ndani ya chombo tunachokiita xeero. Chombo hicho hufunikwa, huvishwa nguo kama bibi harusi, kisha huzungushiwa kamba na mafundo. Ndugu za bwana harusi lazima wakifungue mbele ya watu wote. Wakishindwa, wanachekwa mpaka watoto wa ndoa hiyo waanze shule. Na mtu anayeitwa kufunga mafundo hayo, hapa kwetu, ni mama yangu. Kuna wanaume wazima Garissa hii ambao wakimwona sokoni huvuka barabara.

Yule korongo alikuwa tayari yuko uani, ameegemea hewa, anaitazama nyama.

"Leo namkamata," nikasema. "Namshika, tunatoa uzi, anaenda zake."

"Unamkamata na nini?" Kambare akauliza.

Nikatoa bunda mkobani.

Akalitazama bunda, akautazama mguu wa korongo. "Unataka kumtoa uzi kwa uzi."

"Kwa kitanzi. Kwa ayeeyo, nyanya yangu kule Tarbaj, ndama wa ngamia mkaidi hukamatwa hivi. Unatandaza kitanzi chini, akikanyaga unavuta. Anahangaika kidogo, anachoka, anasimama anakutazama tu."

"Na huyo ndama ana mabawa?"

"Nyamaza, Kambare."

"Nauliza tu, mimi si mtu wa mifugo."

Sasa ujuzi wangu ukanimaliza. Ndama ukimfunga kwenye kigingi kigumu anaweza kujivunja mguu. Kwa hiyo unamfunga kwenye kitu kinachonyumbuka, ili akivuta kimfuate kidogo. Nilitazama uani kwetu kote, nikaona kitu kimoja tu kinachonyumbuka. Nikafunga ncha ya uzi kwenye kamba ya nyama. Kambare akasogea nyuma kunipa nafasi. Alisema baadaye kwamba alidhani labda kwa ngamia ndivyo ilivyo.

Nikatandaza kitanzi, nikaweka kipande cha mafuta katikati. Korongo akaja, hatua moja, mruko mmoja, hatua moja. Akaweka mguu mbaya ndani. Nikavuta.

Sikuona kuhangaika wala kuchoka. Alifungua mabawa ambayo ni mapana kuliko mlango wetu, akapiga mara mbili, vumbi la uani likaniingia mdomoni, na nikasikia msumari ukutani ukisema kwaheri. Kamba ilichomoka. Nyama nyingi ilimwagika mchangani, na iliyobaki ikaondoka. Harusi ya watu ikapita juu ya uzio wa mabati, mistari mitano sita ya nyama ikipepea nyuma ya ndege kama mkia wa tiara.

Mwenye mkokoteni wa maji aliyekuwa akipita alimsimamisha punda wake, akatazama juu, akasema "Subhanallah" taratibu, kama mtu anayesoma bango.

Hakufika mbali. Kwenye ule mwarobaini wake kamba ilizunguka tawi, ikamkata mbio, akaanguka kutoka hewani na kubaki ananing'inia kichwa chini. Alikuwa ananing'inia kwa mguu mbaya. Mguu nilioutaka upone ndio niliomtundikia. Alipiga mabawa, akazunguka, akapiga tena, na kila akipiga, uzi ulikuwa unakaza. Halafu wenzake wakaanza kutua juu ya mti, wawili, watatu, wakaichambua nyama kwenye kamba bila hata kumtazama.

Sikuwa na mzaha hapo. Nilikimbia.

Kambare alinisukuma kutoka chini, nikapanda. Nilivua kikoi changu nikabaki na kaptura ya michezo, nikamfunika ndege kwa kikoi, nikamkumbatia. Ana uzito wa mtoto wa kutambaa na ananuka kama machinjio ya Ijumaa. Kambare alipanda nyuma yangu, akawa anaushika mdomo wa ndege kwa mkono mmoja na kulegeza kamba kwenye tawi kwa wa pili, huku akisema polepole, polepole, sijui ananiambia mimi au ndege. Tulipofika chini, mgeni wetu alinitapikia kifuani. Hilo mwalimu hakutufundisha.

Tukarudi naye uani, tukakaa mchangani. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mkono wangu. Kambare alichukua mkasi wa mama uliokuwa jikoni, akautazama mguu, akauweka mkasi chini.

"Uzi umeingia ndani," akasema. "Nikikata hapa nakata mguu."

"Basi fungua."

"Fungua wewe, hata mwanzo hauonekani."

Ndipo mlango wa bati ukalia.

Kwetu Wasomali mama humwita mtoto kwa neno lilelile ambalo mtoto humwita yeye. Mimi namwita hooyo, na yeye akiwa radhi nami huniita hooyo. Akiwa hana radhi ninakuwa waryaa, yaani wewe kijana, kijana yeyote, hata wa barabarani.

Alisimama na kibati cha samli mkononi. Alitazama nguzo. Alitazama msumari, ambao haukuwepo. Alitazama nyama mchangani, kisha mwanawe akiwa na kaptura na matapishi, amempakata korongo aliyevaa kikoi.

"Waryaa," akasema. "Nyama yangu nyingine iko wapi?"

"Kwenye mti, hooyo."

"Imepanda mti."

"Imebebwa, hooyo. Na huyu. Nilikuwa nataka kumfungua mguu, nikafikiri kama ndama..."

"Usinieleze." Alikuwa ameshauona mguu. Akainama, akauangalia kwa karibu, na uso wake ukawa ule wa kabla ya harusi, wakati wanawake wanapomletea kamba na yeye anawaambia waondoke mbele ya taa.

Akakaa chini. Akauchukua mguu ule mchafu, akauweka mapajani juu ya dera lake. Kwa Kambare akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe kijana ya mto, shika yeye mdomo. Fisuri. Hapana leta hiyo mdomo karibu na mimi." Kisha kwangu kwa Kisomali: "Mfunike macho. Ukicheka nakufukuza."

Sikuwa na nguvu ya kucheka. Alifungua kibati cha samli ya harusi, akachota kwa kidole, akaupaka mguu mzima. Akachomoa pini kwenye shungi lake. Kwa ncha ya pini akaanza kuutafuta uzi, anauinua kidogo, anauacha, anaenda upande mwingine, anarudi. Damu kidogo ilitoka. Ndege akashtuka, nikamkaza. Mama alikuwa ananung'unika peke yake, kama anayegombana na mtu wa nyuma ya ukuta.

"Hiki cha juu kimefungwa na mtu," akasema. "Na mtu huyo namjua, anafunga hivi hivi viatu vyake." Kitanzi changu kikatoka kwa mvuto mmoja. Kambare aligeuza uso ili nisimwone anavyotabasamu.

"Na hivi vya chini?" nikauliza.

"Hivi hakuna aliyevifunga. Vimejifunga vyenyewe. Ndiyo maana ni vibaya." Alipanguza jasho kwa mgongo wa mkono. "Mtu akifunga anaacha mahali pa kuanzia, hata akiwa na roho mbaya. Huku hakuna."

Sijui ilichukua muda gani. Jua lilihama kutoka mgongoni kwangu hadi sikioni. Inzi walikuja kwa nyama ya mchangani na sikuthubutu kuwafukuza. Mara mbili alisema ameupata mwanzo wa uzi na mara mbili alikuwa hajaupata, na mara zote mbili alimtukana mvuvi, mwenye duka aliyemuuzia mvuvi uzi, na kiwanda, popote kilipo. Kambare alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda uzi huo ni wa baba yake. Mama akamwambia, "Basi ambia yeye, mama ya Waberi nasema salamu." Hatukujua ni salamu ya aina gani.

Kisha vidole vyake vikasimama. Akavuta kidogo, kwa kucha mbili, na uzi ukaja. Ukaja zaidi. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, kila mmoja ukiacha mfereji mwekundu kwenye ngozi, na kwenye wa mwisho kabisa ukatoka na ndoana ndogo yenye kutu. Mama aliichukua ile ndoana. Akaipitisha kwenye pini yake, akaiweka mbali na sisi.

"Mwache," akasema.

Nikatoa kikoi. Kambare akaachia mdomo, akaruka nyuma kama askari. Korongo alisimama. Aliuweka mguu chini, akauinua, akauweka tena, na safari hii akauacha hapo. Alitutazama wote watatu bila shukrani hata ya kusingizia. Akajinyea miguuni. Kisha akatembea, kwa miguu miwili, akichechemea, hadi kwenye nyama ya harusi iliyokuwa mchangani, akachagua kipande kirefu, akakimeza kizima mbele ya mama.

Nilingoja ufagio. Mama hakuugusa. Alimwangalia anavyomeza, akamwangalia anavyopiga mabawa na kutua juu ya uzio, anavyoyumba na kushika bati kwa miguu yote miwili. Alipoondoka kuelekea mtoni, mama alikuwa bado amekaa mchangani na dera limejaa samli, anauzungusha uzi wangu kwenye vidole vyake vinne, taratibu, mpaka ukawa pete nene.

"Hooyo," akaniambia, "ndege amekwenda. Sasa lete mguu wako wewe, nikufunge hapa mpaka nyama nyingine ikauke."